Jibu: Je, muziki huiongezea filamu chochote?
Ndugu, umeuliza ni muziki wa filamu gani tunaoupenda zaidi, na kama kweli muziki huiongezea picha chochote. Mimi nachagua ule ambao Ennio Morricone aliitungia filamu ya Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968. Tuni zake kuu zilitungwa kabla ya filamu kuanza kupigwa, na mwongozaji Sergio Leone akawa anaufungulia muziki huo uliokwisha kurekodiwa pale pale waigizaji wakiwa kazini, hivyo mwendo wao ukaufuata. Sikiliza hasa kinanda cha mdomo: noti chache zenye kukwaruza hutangulia kabla mpuliza mwenyewe hajaonekana, na ni katika pambano la mwisho tu ndipo unapoelewa alikipata wapi. Hapa Mbeya wengi tulizoea vibanda umiza, yaani vijumba vya kuonyeshea video, ambako sauti ya mtafsiri hufunika karibu kila kitu (wala simlaumu, bila yeye tungeelewa nini?), kwa hiyo nakushauri uitazame bila tafsiri, ukiwa na spika za masikioni. Kisha rudia pambano hilo ukiwa umezima sauti kabisa: utaona wanaume wawili wamesimama juani wakikodoleana macho, basi.