Una HPV? Usisubiri kipimo cha Ulaya

Dada wa Newala, nimekuelewa. Una miaka 38, kipimo kimeonyesha HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na shoga yako anakushauri usubiri kipimo kipya cha Ulaya, cha methilesheni, kabla ya kurudi hospitali. Nakuomba usisubiri.

Kwanza, kuwa na kirusi si kuwa na saratani. Kwa wanawake wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Shida ni kinapong'ang'ania. Hapo vialama vya kikemia, ndiyo methilesheni yenyewe, vinaweza kujibandika kwenye DNA ya seli za mlango wa kizazi na kuzima jeni zinazotulinda. Kipimo hicho husoma alama hizo kwenye jeni kama FAM19A4, ili daktari ajue nani atibiwe upesi na nani afuatiliwe. Ni sayansi nzuri mno, natamani itufikie huku Kusini. Ila hata kisipoona alama, bado utafuatiliwa.

Wewe beba majibu yako, anzia hospitali ya wilaya. Wakikupa rufaa ya hospitali ya Ligula au ya Ndanda, nenda. Watapaka dawa kama siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama, dakika chache tu. Wakiona weupe, dalili kwamba seli huenda zimebadilika, mara nyingi sehemu hiyo huchomwa kwa joto au kugandishwa. Mimi nilichomwa, nikarudi nyumbani siku ileile. Ukitibiwa, rudia kipimo baada ya mwaka. Kama unaishi na VVU waambie, maana utafuatiliwa kwa karibu zaidi.

Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu kali, usingoje hata korosho ziuzwe. Nenda kesho asubuhi.