Maswali na majibu: mifumo ya mwili, moyo wa bucha na hili neno "mshipa"

Walimu wa la tano na la sita naona mmefika kwenye mifumo ya mwili maana maswali yamemiminika. Nimechukua machache, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

Mifumo ya mwili iko mingapi hasa? Kila kitabu kina idadi yake.

Hili linarudi kila muhula jamani. Vitabu vingi vya anatomia vinahesabu 11, vya shule vinaunganisha baadhi (mifupa na misuli mara nyingi vinawekwa pamoja), we fuata muhtasari wako. Ila nakuomba usitunge swali la "taja mifumo yote", maana mtoto anaweza akaitaja yote bila kukosea na bado asijue kwa nini akikimbia anahema na moyo unamwenda mbio kwa wakati mmoja. Muulize hilo. Akikujibu kwamba misuli inataka oksijeni zaidi, mapafu yanaileta na damu inaisafirisha, basi ameelewa mifumo mitatu kwa mpigo.

Nina watoto 94 darasani, vitabu 6, modeli hakuna kabisa. Mmeng'enyo wa chakula nitaufundishaje?

Mwalimu, modeli unazo 94, kila mtoto amekuja na yake. Anza na mdomo. Mpe kila mmoja kipande kidogo cha mkate au muhogo uliochemshwa, mwambie atafune bila kumeza mpaka uhesabu hadi 60. Baadae waulize wanasikia ladha gani, wataanza kusema kuna utamu unakuja. Hapo ndo unawaambia mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, na hawatasahau maana wameuonja wenyewe.

Halafu toka nao nje na kamba. Pima mita 6 ufunge fundo, ongeza mita 1 na nusu. Ile ndefu ni utumbo mwembamba wa mtu mzima, ile fupi ni utumbo mpana. Washike kamba wamejipanga halafu waambie waikunje ienee kwenye beseni, ndo wataona kwa nini utumbo umejikunja hivo. Watauliza mbona unaitwa mwembamba na ndo mrefu, waambie jina limetokana na unene wake. Mimi nimefanya hivi na darasa la watoto zaidi ya 80 na kipindi hakikutosha kwa maswali, kuna mmoja aliniuliza kama mtu mfupi naye utumbo wake unajaa humo humo, na swali la namna hiyo huwezi kulipata kwa mtoto anayenakili ubaoni. Maana hicho ndo kinachoniumiza, mwalimu anachora mchoro ubaoni dakika 25, watoto wanauchora dakika 15, kengele inalia, hakuna aliyejifunza kitu zaidi ya kuchora.

Naomba notes za mfumo wa damu, pdf ikiwezekana.

Sina na sitatuma. Mmeniomba hizi notes zaidi ya kitu kingine chochote na zimejaa kwenye simu zenu tayari. Badala yake fanya hivi kesho: ninginiza mkono chini mpaka mishipa ijitokeze, tafuta mshipa mmoja mrefu kwenye kigasha usio na matawi mengi. Bana kwa kidole upande wa kiganja, kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko. Mshipa unalala, unabaki mtupu. Achia kidole cha chini uone unavyojaa tena palepale. Hivi karibu ndivyo daktari Mwingereza William Harvey alivyoonyesha mwaka 1628 kwamba damu kwenye vena (mishipa ya damu kama hiyo ya mkononi) inaelekea moyoni tu na kuna vilango vinavyoizuia kurudi nyuma. Alihitaji mkono na kitambaa cha kufungia basi. Na kabla yake, karne ya 13, daktari Ibn al-Nafis kule Cairo alishaeleza kwamba damu inapita kwenye mapafu kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto. Haya wasimulie watoto, wajue kuna watu walikaa wakafikiri mpaka wakapata.

Damu isiyo na oksijeni ni ya bluu kweli?

Hapana. Ni nyekundu iliyoiva. Bluu ni rangi ya kwenye mchoro tu na mwalimu inabidi uliseme hilo kwa mdomo wako, usisubiri waulize.

Nataka kuleta moyo na mapafu kutoka bucha, ila mwalimu mwenzangu anasema ni uchafu na hatari. Ushauri?

Lete, ila kwa utaratibu. Nunua kwenye bucha yenye nyama iliyopimwa na kugongwa muhuri, wala usichukue mnyama aliyekufa mwenyewe hata kama unapewa bure, kimeta kinaua. Glavu, meza itandikwe nailoni, sabuni na maji viwepo kabla hujaanza, na mabaki yafukiwe, mtu asiende nayo nyumbani kupika. Kwa shule zetu moyo wa ng'ombe au wa mbuzi unatosha kabisa, una vyumba vinne kama wetu na hakuna mtoto atakayepata shida ya dini.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wafike darasani: mkaguzi wa nyama huwa anachanja mapafu na moyo kuangalia ugonjwa. Kwa hiyo ukipeleka hewa mapafu yanavuja na watoto wanabaki wanakuangalia. Tafuta pande la pafu (kila pafu lina vipande) ambalo halikuchanjwa, ingiza mrija kwenye kibomba chake cha hewa, kaza kwa uzi na upulize kwa pampu ya baiskeli. USIPULIZE KWA MDOMO. Litavimba, litabadilika rangi kuwa la pinki hafifu, na ukiliachia linanywea lenyewe. Nimewahi kuona darasa zima limesimama juu ya madawati kwa hilo tu.

Na ule moyo uliochanjwa umeshakurahisishia kazi. Mwambie mtoto abane ukuta wa chumba cha chini kushoto, kisha wa kulia. Wa kushoto ni mnene na mgumu, wa kulia mwepesi. Usimwambie sababu, msubiri. Mmoja atasema wa kushoto unasukuma mbali, mwili mzima, na wa kulia unapeleka hapo jirani kwenye mapafu. Onyesha pia zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia vilango, wavute kidogo waone zilivyo imara.

Mwanafunzi wangu kaandika "mshipa" kwenye ateri (inayotoa damu moyoni), "mshipa" kwenye vena (inayoirudisha) na "mshipa" kwenye neva (ya fahamu). Nimkate alama?

Mkate, lakini kwanza jiulize nani alimfundisha. Nyumbani mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, akiteguka mguu anaambiwa mshipa umekaza, na babu yake akiwa na ngiri naye anaambiwa ana mshipa. Lugha yetu ya kila siku haina kosa, inatosha kwa mazungumzo. Darasani ndo mahali pa kutenganisha na hatufanyi. Vilevile "moyo unaniuma" ya mtoto mara nyingi ni kiungulia, na kiungulia ni tindikali ya tumbo imepanda kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni), moyo haumo.

Na baya kuliko yote ni "tumbo". Chakula kinaenda tumboni, mtoto anakaa tumboni. Nimeshakuta watoto wa la sita wanaoamini kichanga kimekaa pamoja na ugali na kinakula pale pale. Sema mji wa mimba, kila mara, hata kama unasahihisha watu wazima. Huyu mtoto karibuni anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, kama kwa Kiswahili hakutenganisha basi kule atakariri maneno tu.

Mfumo wa uzazi naona aibu, nawaambia wakasome wenyewe nyumbani.

Hawasomi, wanaulizana wao kwa wao na wanadanganyana. Darasani kwako kuna binti aliyevunja ungo tayari na mwingine atavunja kabla mwaka haujaisha, akiona damu bila kuambiwa anadhani ameumia, anajifungia chooni analia, mimi nimemtoa mmoja wa hivo na sikutamani kuona tena. Weka kisanduku cha maswali yasiyo na majina, fundisha wavulana na wasichana pamoja, tumia majina kamili bila kucheka. Mtoto anayejua jina la kila kiungo chake anaweza pia kusema wazi mtu akimgusa vibaya. Kama umeshindwa kabisa mwombe mwalimu mwenzako au nesi wa zahanati, ila usiruke.

Mama: mwanangu anakohoa wiki mbili, bibi yake anataka akatwe kimio. Ni sawa?

Usikubali. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo na kinasaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza, kikohozi hakitoki hapo. Kukata kwa wembe au waya kunaleta kutoka damu nyingi na maambukizi, na watoto wamekufa kwa hilo. Wiki mbili ni nyingi, mpeleke hospitali leo, apimwe na TB pia. Walimu nanyi mkifika mfumo wa upumuaji litajeni hili, kuna mtoto atakwenda kuwaambia nyumbani.

Modeli yangu ya mapafu, ya chupa na puto, haifanyi kazi, nikivuta mpira wa chini puto la ndani halivimbi.

Hewa inaingia kwa chini. Kata kitako cha chupa sawasawa, sugua kingo zisiwe na meno, vuta mpira ukaze kama ngoma halafu zungushia utepe mara mbili. Mdomoni pia puto lifunike shingo yote. Ikikubali waonyeshe kwamba wewe unavuta ule mpira tu, hakuna mtu aliyegusa puto. Mpira ndo kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, na pafu halina msuli wa kujivuta lenyewe.