Inverta ya nini?
Ndugu, kwa hiyo redio ya Wi-Fi ya volti 24 unayotaka kuweka kilimani Riat, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240 kama wa nyumbani) achana nayo. Inakula moto wa betri hata ikikaa bure, halafu adapta inashusha tena hadi volti 24. Kazi bure! Unganisha betri mbili za volti 12 mfululizo, ulishe redio kupitia injekta ya PoE, kijidude kinachopitisha umeme kwenye waya uleule wa mtandao. Redio ya wati 8 hula wati-saa 192 kwa siku, yaani amp-saa 8 kwa volti 24. Ukitaka ihimili siku 2 za mawingu bila betri za asidi kushuka chini ya nusu, nunua za amp-saa 40. Ila soma kibandiko cha redio kwanza: sola ikichaji, volti hupanda hadi karibu 29, na baadhi ya redio huungua hapo. Fyuzi iwe karibu na betri.