Shangazi, Omaha inanimalizia mtaji wa dagaa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, pamoja na mke wangu. Nilianza kucheza poka ya Omaha, ile ya karata nne mkononi, kipindi cha mbalamwezi, biashara ikiwa imelala. Sasa nacheza mara tatu kwa wiki kwenye nyumba moja Capripoint, saa 2 usiku hadi saa 7. Meza ni 1,000/2,000, yaani madau mawili ya lazima ya kuanzia, nakaa na 200,000, na nyumba inakata asilimia 5 ya kila poti, ile hela yote iliyowekwa mezani. Nilianza na milioni 3, nikafika 4,800,000. Ndani ya wiki tano nimeshuka hadi 1,200,000. Juzi nilikuwa na ree mbili, nikaweka zote, jamaa akanipiga kwa takataka zake, 10-9-8-7. Nimeshatoa 1,500,000 kwenye hela ya dagaa, ziko kwenye begi, mke wangu hajui. Je, ni bahati mbaya tu nivumilie, au nipande meza ya 2,000/5,000 nirudishe haraka? Kuna meza nyingine Kirumba ya 500/1,000 lakini naona ni ya watoto. — Baba wa Wawili, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia hesabu zako waziwazi, nami nitakujibu kwa hesabu, kisha nitakuambia la nyumbani.

Kwanza, meza unayokaa si hiyo unayoitaja. Chini ya barua yako, sehemu ambayo haikuchapwa hapa, umegusia kwamba karibu kila mgao mtu anaweka stredo ya 4,000, yaani dau la hiari kabla ya kuona karata. Basi hiyo ni meza ya 4,000, na laki mbili zako ni stredo 50 tu. Angalia poti ya Omaha inavyokua: dau la juu kabisa ni ukubwa wa poti yenyewe, kwa hiyo kila likiitikiwa, poti inazidishwa mara tatu. Poti ikiwa 24,000 kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, inakuwa 72,000, kisha 216,000 kwenye karata ya nne, na ya tano ikifika 648,000. Kufuata hadi mwisho ni 312,000 mfukoni mwa kila mmoja. Hela uliyokaa nayo inaisha katikati ya safari, hata poti ikiwa imeanza kwa upole.

Wachezaji wa Omaha hukadiria kwamba kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama dau 140 kwa kila migao 100, na dau hapa ni lile kubwa la kuanzia, kwako ni stredo. Mezani mkigawiwa migao 25 kwa saa, usiku wako wa saa tano ni migao 125. Kwa stredo ya 4,000, kupanda au kushuka kwa kama 600,000 usiku mmoja ni jambo la kawaida kabisa, hata ukicheza vizuri. Wiki tano ulizoandika ni usiku 15 hivi, na kupoteza 3,600,000 humo, yaani stredo 900, ni kubaya lakini bahati mbaya peke yake inaweza kukufikisha hapo. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Lakini usilishangilie, kwa sababu bahati nzuri nayo ingeweza kukufikisha 4,800,000 bila ujuzi wowote. Mchezaji anayeshinda kweli, stredo 10 kwa kila migao 100, bado ana nafasi kama 3 kati ya 10 ya kuwa amepoteza baada ya usiku 40. Wewe huna hata kumbukumbu za usiku 40. Hujui bado kama wewe ni mshindi, na mimi siwezi kukuambia kwa barua moja.

Nina shaka, na shaka yangu inatokana na makato. Tuseme poti ya wastani ni 80,000. Asilimia 5 ni 4,000, mara migao 25, nyumba inaondoka na 100,000 kwa saa. Mkiwa sita, kwa usiku mmoja kila mtu ameacha zaidi ya 80,000 kabla hajashinda wala kushindwa. Ili ubaki na faida ya stredo 10 kwa migao 100, inabidi uwazidi wenzako kwa karibu 27. Wachezaji wachache sana wanaweza hivyo. Uliza leo kama nyumba inaweka kikomo cha makato kwa poti moja. Kama hakuna kikomo, meza hiyo haifai hata kwa mchezaji hodari. Na kama nyumba haina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, siku hela zikipotea au mtu akichezea karata, huna pa kushtaki.

Sasa zile ree mbili. Umeandika kwamba ulikuwa na ree, ree, 7 na 2, kila karata ya aina tofauti, na flopu ikaja 9-8-3 yenye kopa mbili. Jamaa alikuwa na 10-9-8-7, kopa zikiwemo. Mwanangu, hukuibiwa. Kwenye Omaha ni lazima utumie karata mbili za mkononi na tatu za mezani, wala si zaidi. Mbili zako zilikuwa ree na ree, na zile 7 na 2 hazikukusaidia kitu. Yeye kila jozi mkononi mwake ilikuwa na kazi: alishapata jozi mbili, ya 9 na ya 8, anasubiri streti (karata tano zinazofuatana) kwa jeki au 6, na anasubiri flashi (karata tano za aina moja) ya kopa. Kabla ya flopu mlikuwa karibu nusu kwa nusu. Baada ya flopu ulikuwa nyuma sana, na hapo ndipo uliposukuma zote. Kama ni hivyo kila ukishika ree, basi sehemu ya zile 3,600,000 haikuwa bahati. Ree mbili zenye 7 na 2 zinatupwa kwenye flopu ya namna ile bila kuhuzunika, na flashi isiyo ya ree ukiipata poti ikiwa kubwa, ogopa, usishangilie.

Nije kwenye begi. Chukua dhana nzuri kuliko zote, kwamba kweli unashinda stredo 10 kwa migao 100. Ukiwa na 1,200,000 kwenye meza ya 4,000, uwezekano wa kufilisika kabla hujainuka ni asilimia 74. Ukiongeza zile 1,500,000 za dagaa, ni asilimia 50. Soma tena sentensi hiyo. Unataka kuweka mtaji wa familia juu ya sarafu inayorushwa, na hiyo ni kama unacheza vizuri. Kama huchezi vizuri, kufilisika ni hakika, tofauti ni tarehe tu. Kushusha hatari hiyo hadi asilimia 13 kunahitaji milioni 8, na kufika chini ya 2 kunahitaji milioni 16. Meza ya 2,000/5,000, ambako nako hakutakosa stredo, inazidisha kila tarakimu hapa. Iache.

Hiyo meza ya Kirumba unayoiita ya watoto, yenye 500/1,000 bila stredo, inakupa dau 1,200 kwa hela ileile uliyonayo. Hatari inashuka kutoka 74 hadi kama asilimia 29, mradi makato yake hayazidi. Kaa na laki moja, ongeza mara moja tu kwa usiku, yaani toka nyumbani na 200,000 taslimu na simu uiache, maana mikopo ya simu saa 6 usiku ndiyo inayowamaliza vijana. Ikiisha, unaondoka, hata kama mezani kuna mlevi anayegawa hela. Mkisukuma zote kabla ya karata ya tano, omba karata zilizobaki zifunguliwe mara mbili na poti igawanywe. Haikuongezei wastani wa kushinda, inapunguza tu kupanda na kushuka, na ikubaliwe kabla karata haijafunguliwa, si baada. Shika daftari: tarehe, saa ulizokaa, ulizoingia nazo, ulizotoka nazo, kama stredo ilikuwepo. Ukikaa huko usiku 40, tuandikiane tena.

Lakini kabla ya Kirumba kuna nyumbani. Zile 1,500,000 zirudi wiki hii, kabla giza la mwezi halijaanza. Wewe unajua kuliko mimi: mwezi ukishazama, mitumbwi inaingia na dagaa, bei Mwaloni inapangwa asubuhi ileile, na mwenye taslimu ndiye anayejaza magunia. Ukikosa giza moja kwa sababu hela iko Capripoint, umepoteza mara mbili, na ya pili haimo kwenye daftari la karata. Mwambie mke wako mwenyewe, kwa tarakimu kamili, jinsi ulivyoniandikia mimi. Usimwambie "nilipata hasara kidogo". Hela hiyo mliitafuta pamoja kwenye jua, ana haki ya kujua ilikuwa wapi, na ana haki ya kukasirika. Mpe nafasi akasirike. Mkubaliane namba ya simu ya biashara iwe na namba ya siri anayoijua yeye tu, angalau kwa miezi mitatu.

Na nikuulize jambo moja, nijibu kwa ukweli. Unaweza kukaa siku 30 bila kushika karata? Umeficha, umechukua hela isiyo ya mchezo, na unataka kupanda meza ili urudishe. Hizo ni dalili tatu za uraibu, na zikikaa pamoja sichezi nazo. Jaribu siku 30 kwanza, Kirumba isubiri. Ukishindwa kuzimaliza, hesabu zote nilizokuandikia hapo juu hazikuhusu tena. Nenda idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Bugando, waeleze kama ulivyonieleza, na mwende wawili.