Msamaha upo, ila unaishia dirishani

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mwenye kipato kidogo Dar es Salaam anapataje dawa za kila mwezi, na serikali inamsaidia wapi?" Nimeamua kujibu kwa sababu jambo hili naishi nalo mwaka wa nne sasa, tangu mama yangu alipohamia kwangu Tandika na presha yake na sukari yake.

Mimi nauza vitumbua asubuhi. Mama ana miaka 71. Anatumia metfomini ya sukari kutwa mara mbili na amlodipini ya presha mara moja kwa siku, dawa za kawaida kabisa. Ugumu wake ni kwamba hazina mwisho. Homa unaitafutia fedha mara moja ikapita. Presha inakudai mwezi huu na mwezi ujao, na mwezi ambao mchele umepanda ndiyo dawa zinaambiwa zisubiri.

Siku moja nilirudi mapema nikamkuta mkekani, kiwembe mkononi, anakata kidonge cha presha juu ya kifuniko cha ndoo. Nusu moja iliruka ikaingia chini ya kitanda. Mama akapiga magoti, akawa anapapasa sakafu kwa kiganja mpaka akaipata, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye bahasha. Nilipomuuliza akasema, "Sitaki nikuchoshe, mwanangu." Kumbe alikuwa anakula nusu nusu wiki ya tatu ile. Haikupita wiki, usiku akazidiwa, tukakodi bajaji. Fedha iliyotoka kwa siku alizolazwa ingemnunulia dawa kwa miezi.

Ni wodini pale nesi aliponiuliza, "Dada, bibi umri huu unamlipia kila kitu? Mbona hamjaenda ustawi wa jamii?" Miaka yote ile nilikuwa napita mbele ya mlango wa ofisi hiyo nikidhani ni ya watoto waliotelekezwa.

Kwa hiyo kwa anayesoma hapa na ana mgonjwa nyumbani: uchangiaji wa gharama, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu yake, ulipoingizwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, uliwekewa na msamaha wa kutolipa. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na watu wasio na uwezo kabisa wamo. Dawa za kifua kikuu na ARV za virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Wazee wametajwa pia katika Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Usione haya kuuliza, hii si sadaka ya mtu.

Sisi tulianzia kwa mjumbe, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji akatuandikia barua yenye picha ya mama na muhuri. Tukaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali pamoja na kitambulisho cha taifa. Yule dada alimwamkia mama kwanza, "Shikamoo mama," ndipo akauliza maswali: unaishi na nani, nani anakulisha, una nyumba ya kupangisha? Mama aliona aibu kwenye swali la pili. Nilimshika mkono tukajibu wote wawili. Nenda kabla hujalipa, kwa sababu fedha ikishakatiwa risiti kuirudisha ni kazi nyingine. Na toa kopi za barua. Ya kwetu ya kwanza ilibaki kwenye faili na faili likapotea, tukaanza upya kwa mjumbe.

Tangu hapo kumwona daktari na kupima sukari hatulipi. Hilo nalishukuru kwa moyo wote.

Kwenye dawa ndipo panauma. Unapanga foleni na karatasi yako yenye muhuri wa msamaha, unafika dirishani, unaambiwa, "Metfomini ipo, hii nyingine hakuna, kanunue nje." Nje, msamaha haujulikani. Duka lililo ng'ambo ya barabara halisomi barua ya mtendaji. Mwezi ambao vidonge vya Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, vipo, vile vyenye alama ya GOT ya serikali, mama anapata vyote na anarudi nyumbani anatembea kama msichana. Mwezi ambao havipo, msamaha wetu ni karatasi tu. Naomba wanaohusika walitazame hili: mtu aliyekwisha kuthibitishwa hana uwezo, akikosa dawa dirishani apewe njia ya kuipata mahali pengine kwa karatasi ileile. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imewafikiria wasio na uwezo wagharamiwe. Kwangu mimi kipimo chake ni pale dirishani.

Kwa sasa, mkilazimika kununua nje, mwombeni daktari aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, kisha dukani mwulize ya bei nafuu yenye jina hilohilo. Mimi niliwahi kuuziwa dawa kwenye boksi la rangi za kupendeza kwa bei ya kuniliza, na dawa iliyokuwa ndani ilikuwa amlodipini ileile. Muuzaji hakunidanganya. Sikuuliza.

Alhamisi ni tarehe ya mama ya kliniki. Daftari lake lipo juu ya kabati, kopi tatu za barua zimo ndani, na kwenye bahasha vimebaki vidonge vinne vya presha, vizima. Nimepiga simu kwa nesi kuuliza kama dirishani vipo. Amesema niwahi asubuhi, kabla ya saa moja.