Usiiache Njiani Hadithi ya Jhumpa Lahiri

Ndugu, umeeleza kwamba umekwama katika Interpreter of Maladies, mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi wa mwandishi Mmarekani mwenye asili ya India, Jhumpa Lahiri, uliotoka mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2000, kwa sababu huoni kisa kikikua. Nakushauri urudie hadithi ya kwanza polepole, ukifuatilia yale ambayo mke na mume, Shoba na Shukumar, wanaambiana gizani umeme unapokatwa jioni kwa muda wa saa moja, kwani kila siri inayotolewa huzidi uzito wa iliyotangulia. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote. Hata hivyo, ujue kwamba katika hadithi hiyo mtoto wao alizaliwa akiwa amekufa. Ikiwa msiba wa namna hiyo umekufika karibuni, anza na ya mwisho, ya mhamiaji aliyepanga chumba kwa bibi wa miaka 103, na ukilemewa umwone mshauri nasaha.