Sanduku la Barua: Bendi Moja Wimbo Mmoja, Msinikwepeshe

Wiki hii barua zimekuja kwa fujo na karibu zote ni za magitaa, sijui nani kawachokoza, kwa hiyo nyie wa singeli na taarabu nivumilieni mpaka toleo lijalo.

Swali: Anko shikamoo. Mi fundi simu hapa Tanga, pawa metali, ule muziki mzito wa magitaa ya kasi, nasikiliza tangu sekondari na kibandani nawekaga kila siku. Sasa mwenzangu tunayekaa naye meza moja anasema nyimbo zote ni wimbo mmoja, mbio za farasi na mtu anapiga yowe juu yake. Naomba unitajie zako unazozipenda, bendi moja wimbo mmoja, bila kuzunguka, nikamfunge mdomo. (Fundi wa Tanga)

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwenzako hajakosea sana tuwe wakweli, dramu zinapigwa na pedali mbili chini mguu huu na mguu huu, gitaa mbili zinafukuzana, mwimbaji yuko juu kule anakotakiwa kuwa muezzin, ukiongeza na spika ya kibandani iliyochanika basi ni farasi kweli. Ila mi kasi siipimi kabisa. Mi napima kiitikio. Bendi ikinyamaza ghafla katikati ya wimbo, je watu wanaweza kukibeba wenyewe mpaka mwisho? Nimekulia kwenye shughuli za taarabu ambako mwimbaji anaanzisha na ukumbi unamalizia, na wenye pesa wanaenda kutunza, ndo maana muziki huu haukunipa shida hata siku ya kwanza, nilijua niko nyumbani japo sikuelewa neno.

Haya tuanze na Helloween maana bila wao hakuna mjadala. Vijana wa Hamburg, walianza 1984, afu wakamchukua Michael Kiske kuimba akiwa na miaka 18 tu, yaani mtoto wa kidato, wakatoa albamu ya Keeper of the Seven Keys sehemu ya kwanza 1987 na ya pili 1988. Wengi watakwambia I Want Out, na ni wimbo mtamu, ameuandika mpiga gitaa wao Kai Hansen anasema anataka kutoka na kweli haukupita muda akatoka kwenye bendi akaenda kuanzisha Gamma Ray, sasa sijui nani alishangaa. Mi nachagua Eagle Fly Free, ulioandikwa na mwenzake Michael Weikath. Pale katikati kila mtu anapewa nafasi yake, gitaa, besi, mpaka dramu inapata dakika yake kidogo, halafu wote wanarudi pamoja kwenye kiitikio kama watu waliopotezana sokoni wakakutana stendi.

Wimbo huo niliupata kwenye kanda ya jirani yetu baharia, juu imeandikwa kwa kalamu "Keeper" basi, jina la bendi hakuna. Redio kaseti ya nyumbani ilikuwa inakula kanda, natembea na penseli mfukoni ya kuzungushia, na kuna mahali kwenye solo ule utepe ulijikunja ukawa unatoa mkwaruzo. Leo nausikia kwenye simu safi kabisa, lakini ikifika pale sikio linasubiri mkwaruzo, usipokuja naona kama kuna kitu wamekata. Aliyepiga dramu mle, Ingo Schwichtenberg, alifariki 1995. Kiske na Hansen waliporudi kwenye ile ziara ya 2017, na Andi Deris aliyeshika nafasi ya Kiske miaka yote hakufukuzwa, wakawa wanaimba pamoja, basi jukwaani walikuwa wanamweka Ingo kwenye skrini anapiga dramu na mpiga dramu wa sasa anajibizana naye. Nimeangalia ile video mara ngapi, we acha tu.

Blind Guardian, Wajerumani tena, wa Krefeld. The Bard's Song, ile ya In the Forest, ya 1992. Hapa ndo umwite mwenzako akae chini asikilize, maana farasi hayupo kabisa, ni gitaa kavu na sauti, dakika tatu na kidogo. Kwenye laivu yao ya 2003 mwimbaji wao Hansi Kürsch anawaachia watu na watu wanaimba mwanzo mwisho, yeye ni kama mgeni kwenye harusi yake. Kipimo changu kinaishia hapo. Na nyie mnaosema huu muziki hautuhusu, hizi kwaya za sauti juu ya sauti wanazojenga Blind Guardian zimenywa sana kwenye kisima cha Queen, ile bendi ya Uingereza, wamerekodi hata Spread Your Wings ya Queen, na mwaka 2002 wakaipa albamu yao jina A Night at the Opera, jina lilelile la albamu ya Queen ya 1975. Na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, kazaliwa wapi? Unguja, 1946. Kwa hiyo tulieni.

Stratovarius wa Finland ni Black Diamond, 1997, kwa sababu ya kile kinanda cha Jens Johansson cha mwanzo, kina sauti ya kizamani ya ikulu za wazungu, afu dramu zinaingia kama mtu kapiga teke mlango. Sonata Arctica nao wa Finland, FullMoon ya 1999, huo niulize nikiwa nimeoga maana nauimbaga bafuni tu, Tony Kakko anapanda sehemu ambazo mi nabaki nakohoa.

Angra nataka nikae kidogo. Hawa wa São Paulo, Brazil. Kila mtu anataja Carry On ya 1993, inayoingia baada ya kipande cha Schubert, mtunzi wa zamani wa muziki wa okestra, na kwa kweli ukiwa unaamka asubuhi umechoka huo unatosha badala ya chai. Lakini wangu ni Carolina IV, uko kwenye Holy Land ya 1996, albamu inayozungumzia Brazil ya miaka ya 1500 Wareno wanafika na meli zao. Unaanza na ngoma za mkono, sio dramu za bendi, na ngoma za Brazil tunajua zilivuka bahari kutoka bara gani na zilivukaje. Dakika kama kumi, haukimbii, unakwenda kama jahazi, kuna kinanda, kuna ukimya, kuna kasi. Aliyeimba ni Andre Matos, alifariki Juni 2019 ana miaka 47 tu. Siku ile nilifunga ofisi mapema nikasema naumwa, samahani mhariri kama unasoma.

Rhapsody wa Italia ni Emerald Sword, 1998, hadithi za panga na mazimwi mpaka unaona aibu kidogo lakini kiitikio kinakubeba tu. Hawa ndo baadaye, 2004, walimchukua Christopher Lee, mwigizaji mzee ameshapita miaka 80, awasimulie hadithi kwenye albamu. HammerFall wa Sweden, Hearts on Fire. Sabaton, Winged Hussars, vita vya Vienna vya 1683, farasi wamo tena ndo wenyewe hasa, na mwenzako atafurahi. Gamma Ray, Rebellion in Dreamland ya 1995. Nimemaliza, DragonForce wana swali lao hapa chini.

Swali: Assalam aleikum kaka, niko Mombasa. Tunabishana, ile gitaa ya Through the Fire and Flames ni mkono wa binadamu au kompyuta imeharakisha? (Mbishi wa Kisauni)

Jibu: Waaleikum salaam kaka. Ni mikono ya Herman Li na Sam Totman wa DragonForce, bendi ya London. Wimbo wenyewe watu wengi hawakuujulia redioni, waliujulia kwenye geimu ya Guitar Hero III ya 2007 ambako ndo ulikuwa mtihani wa mwisho wa kuumiza vidole. Zile tetesi za kuharakisha studio zilishika kwa sababu laivu zao za mwanzo walisemwa sana kwamba wanachapia, na mi naona walichapia kweli, mnaruka, mnakimbia jukwaani, mnazungusha gitaa, mnategemea nini. Na zile sauti kama geimu za zamani wanazitoa kwenye gitaa makusudi. Kitu ambacho watu hawakitaji ni mwimbaji wa wakati ule, ZP Theart, ni wa Afrika Kusini. Yaani sauti ya wimbo wa pawa metali uliosikiwa na watoto wengi kuliko wote imetoka bara hili hili.

Swali: Kaka mwandishi, habari za kazi. Mwanangu wa miaka 15 anajifungia chumbani na haya makelele, nimeona picha ya boga lina macho kwenye simu yake. Je ni mambo ya shetani? Nifanyeje? (Mama wa Morogoro)

Jibu: Nzuri dada, pole na malezi. Boga ni la Helloween, ni nembo yao, mzaha wa jina la bendi, halina kazi nyingine. Siwezi kukudanganya kwamba metali yote ni salama ya kanisani, kuna aina nyingine zinajichezea na shetani kweli, na hata huku Powerwolf wanajipaka usoni na kuvaa kama mapadri, ukimkuta anaangalia hao usizimie, ni maigizo. Pawa metali nyingi ni matumaini, safari, mashujaa. Kama wewe ni mtu wa ibada mwambie atafute Theocracy wa Marekani au Narnia wa Sweden, hao wanaimba imani ya Kikristo kabisa kwa magitaa yaleyale. Afu jioni moja mwombe akuwekee Forever ya Stratovarius, ni taratibu, haina dramu za kukimbia, kaa naye msikilize mpaka mwisho bila kumwambia kitu. Sauti ya juu saa nne usiku hiyo piga marufuku, hiyo ni haki yako na ya majirani.

Swali: Nightwish ni pawa metali au sio? (bila jina)

Jibu: Mwanzoni ndio, baadaye okestra ikawala. Wimbo wao Ghost Love Score wa 2004 naupenda kuliko nusu ya nilizotaja juu, lakini nikiuweka kwenye orodha nitaletewa barua za matusi.

Swali: Anko, lini tutapata bendi ya pawa metali inayoimba Kiswahili? Nairobi si wapo wanaopiga metali? (Mwanachuo, Dodoma)

Jibu: Nairobi wapo, na bendi ya Duma walifika mbali na albamu yao ya 2020, ila wao walikuwa wakali wa upande mwingine, kelele za kiwanda na mayowe, kiitikio cha kuimba na shangazi hakuna mle. Pawa metali ya Kiswahili siijui, na inaniuma maana malighafi tunayo imelala. Maneno yetu yanaishia na irabu, mwimbaji anaweza kuishika "a" ya mwisho mpaka pumzi ikate, Mjerumani anaimba Kiingereza kilichojaa konsonanti anahangaika. Na hadithi? Hawa wanaazima mazimwi kwenye riwaya, sisi tuna Utendi wa Tambuka wa 1728, vita vya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi, beti zaidi ya elfu moja, panga tupu. Tuna Fumo Liyongo, shujaa asiyeingia chuma mpaka alipochomwa na sindano ya shaba kitovuni. Hiyo ni albamu ya sehemu mbili tayari.

Juzi nilijaribu. Nikaweka mwanzo wa Black Diamond, nikafungua kitabu cha utendi, nikaanza kughani mizani nane nane juu ya zile dramu huku napiga meza, na inakaa bana, inakaa kabisa, nikafika beti ya nne nimesimama juu ya stuli nimenyanyua mkono, mke wangu akafungua mlango akaniangalia, akauliza kama nimeshalipia umeme.